read() kwenye MINIX inaenda wapi

Dogo umeuliza eti read(), ile amri ya programu ya kusoma faili, kwenye MINIX (mfumo endeshi mdogo) inaingia keneli, yaani kiini cha mfumo, kama Linux, inaingia ndio ila keneli yenyewe haisomi faili. Laibrari (kodi saidizi iliyounganishwa na programu yako) inajaza kameseji kadogo, aina ya kazi, namba ya faili, anwani ya bafa yako (sehemu ya memori ya kupokelea data) na baiti ngapi unataka, afu inaita sendrec (tuma meseji kisha subiri jibu), keneli inaipeleka kwa seva ya mafaili (programu ya pembeni inayoshughulika na mafaili) na programu yako inalala mpaka majibu yarudi. Ni kama hapa Mwanjelwa, Mbeya, unavyomwagiza mhudumu, yeye hapiki, anapeleka oda jikoni we unasubiri wali maharage (na baridi hii ya Juni utasubiri kweli). Spidi ndo inaliwa hapo, maana prosesa inarukaruka toka programu moja kwenda nyingine kwa kusoma faili mara moja tu.