Usinunue Ramani ya Mjerumani

Msomaji mmoja wa Muheza ameniandikia wiki hii: kaletewa "ramani ya Mjerumani" yenye alama za dhahabu, anatakiwa atoe laki nne. "Kaka, nishauri."

Usitoe hata mia. Dhahabu ya Mjerumani ilitoka Sekenke, huko Singida, na mwaka 1916, vita vilipombana, aliigeuza sarafu za rupia 15 kule Tabora. Hakuja kuifukia Muheza.

Ramani za maana za kusakia machimbo ya zamani zipo, wala hazina siri. Mimi natumia zile za kipimo cha 1:50,000, zilizoanza kuchorwa enzi za Mwingereza kwa picha za ndege. Nilizibeba mpaka bonde la Umba, kwenye vito vya yakuti na ganeti, ambako watu wanachimba tangu miaka ya 1960. Sikuhangaika na alama za machimbo. Nilisaka kwenye ramani njia ya gari inayoingia porini halafu inafia humo, pasipo kijiji wala shamba. Nani apeleke gari pasipo na kitu?

Mwenzangu aliyeshika simu aliingiza namba za ramani zinazoonyesha mahali (koordineti) kama zilivyo, ingawa nilimkataza. Simu ikasema tumefika. Miiba mitupu! Wenzangu wakageuza pikipiki, na mmoja wao mpaka leo huniita "Profesa" mbele za watu. Haya. Profesa alijua kwamba ramani hizo zinafuata mfumo wa zamani wa kupimia mahali, Arc 1960, na simu inafuata mwingine, WGS 84. Usipobadilisha namba, huku kwetu unatupwa kama mita 300 kaskazini ya mahali penyewe. Nikashuka kusini kwa miguu, peke yangu, nikavikuta vifusi, na maduara (mashimo ya wachimbaji) ya zamani yamemezwa na vichaka.

Kwa hiyo, ndugu zangu, badilisheni namba. Linganisheni na picha za setilaiti, maana kifusi huchelewa kuota majani. Waulizeni wazee wa pale, tena kwa adabu. Na namba, badilisheni.

Vijana mna haraka mno. Duara la zamani haliingiwi: kingo zimelegea, na chini huenda hamna hewa ya kuvuta. Tena duara lisilo na watu si duara lisilo na mwenyewe. Tume ya Madini imeweka ramani ya leseni mtandaoni. Ifungueni kabla hamjanunua sululu. Huyo wa laki nne mwambieni aifungue naye, awaonyeshe kitalu chake, yaani eneo alilopewa leseni.