Jodari huyu ni yupi? "Asilimia 99" haijibu

SWALI: Shikamoo daktari. Nanunua jodari kwenye mnada wa samaki wa Feri, Dar es Salaam, na kuwapeleka hotelini Masaki. Mwezi uliopita nilipeleka minofu ya jodari wa mapezi ya njano. Mteja akaipima vinasaba, akaambiwa ni jodari macho makubwa kwa "asilimia 99". Sasa ananiita tapeli. Vijana wa sokoni wanasema ipo programu ya simu, unapiga picha inakutajia samaki. Niitegemee? (Mchuuzi, Kigamboni)

JIBU: Marahaba. Hiyo programu achana nayo kabisa. Jodari wadogo wa aina hizi mbili huwachanganya hata wapima samaki wazoefu, na ile njano unayoitegemea wote wanayo kwenye vipezi vidogo vya kuelekea mkiani. Wakishalala kwenye barafu rangi inafifia na michirizi ya ubavuni inapotea. Simu itakutajia jina hata kama hakuna cha kulitegemeza.

Ila kinachonikera zaidi ni hiyo asilimia 99. Naletewa karatasi za namna hiyo kila mara, na watu wanazisoma kama matokeo ya mtihani: amepata 99, amefaulu. Sivyo hata kidogo. Kipimo cha kawaida husoma kipande cha jeni iitwayo COI iliyomo kwenye mitokondria (sehemu za seli zinazozalisha nishati), herufi za vinasaba kama 650 hivi, kisha kompyuta huzilinganisha na za samaki waliomo kwenye hazina za vinasaba. Kulingana kwa asilimia 99 maana yake herufi sita au saba zimekataa. Kwa samaki wengi hilo halisumbui, maana spishi za jenasi moja (kundi la spishi zilizo karibu kiukoo) mara nyingi hupishana kwa makumi ya herufi. Jodari wa jenasi ya Thunnus, wakiwemo hawa wako wawili, wametengana karibuni mno kwa hesabu za mageuzi, na baina ya baadhi yao tofauti haifiki hata herufi hizo saba. Kwa hiyo samaki mmoja anaweza kulingana kwa asilimia 99 na spishi mbili. Muulize mteja wako: jina la pili kwenye orodha ya majibu ya maabara lilikuwa lipi, na lilipata asilimia ngapi?

Kuna jingine. Mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake. Jodari wa spishi tofauti waliwahi kuchanganya damu zamani, ndiyo maana baadhi ya jodari aina ya bluefin wa Atlantiki wamekutwa na mitokondria za ukoo wa jodari mwingine, albacore. Maabara makini huongeza eneo jingine la mitokondria linalobadilika upesi zaidi, pamoja na kipande cha vinasaba vya kiini cha seli, ambavyo hutoka kwa baba na mama, kama kile kiitwacho ITS1. Anayekwambia "leta kinyama, jibu kesho" bila kutaja anasoma jeni gani, mkimbie. Majina yaliyomo kwenye hazina za vinasaba nayo yamewekwa na watu. Aliyekosea jina la samaki wake ameliacha kosa humo, na kompyuta inalirudia.

Ndiyo maana nasisitiza mwili wa samaki. Pale Feri mwambie anayepasua asitupe ini. Ligeuze uangalie upande wa chini. La macho makubwa lina pande tatu zinazokaribiana ukubwa, na ukingoni utaona michirizi ya mishipa midogo ya damu. La mapezi ya njano ni laini, halina michirizi, na pande lake la kulia ni refu na jembamba kuliko mengine. Ishara hii inafanya kazi hata kwa samaki mdogo ambaye mapezi yake hayajarefuka. Ukishabaki na mnofu mtupu, ushahidi huo umeshaliwa na paka.

Kila unaponunua, piga picha samaki mzima akiwa na futi ya kupimia kando yake, kisha piga ini. Kata kinyama kidogo kutoka kwa samaki huyohuyo, kitie kwenye ethanoli ya asilimia 95 na uandike namba ileile ya picha. Usitumie formalini, inaharibu vinasaba.

Wachuuzi wengi wanaona haya ni mambo ya wasomi. Lakini yanawahusu: tathmini ya mwaka 2022 ya Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi ilionyesha macho makubwa wamevuliwa kupita kiasi. Kila macho makubwa anayeandikwa kwa jina la mwenzake anapotea kwenye hesabu hizo, na wanaopanga uvuvi wanapanga kwa takwimu za uongo. Kwa mzozo wako, kama bado kuna mnofu kwenye friji ya hoteli, dai upimwe upya kwa jeni mbili kabla hujalipa fidia yoyote.