Kayaki Last Mountain Lake mwezi wa Mei: vaa kwa kuyafuata maji

Ndugu uliyeuliza kama Mei ni mapema mno kwenda na kayaki (mtumbwi mwembamba wa kafi) kwenye ziwa la Last Mountain Lake kutazama ndege, na uchukue darubini gani: si mapema, ndio wakati wenyewe. Ila jua la Mei huku Saskatchewan, Kanada, lisikudanganye. Barafu imeyeyuka juzi tu, maji bado yanakata pumzi.

Mimi nimekulia Mwanza, kafi nimelishika tangu utotoni, nikadhani ziwa ni ziwa. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilipinduka karibu na ufuko, nimevaa fulana, hewa ina nyuzi 20. Nilihema bila kujizuia, vidole vikakataa kushika. Kilichoniokoa ni jaketi la kuelea nililokuwa nimelivaa na kulifunga. Wakufunzi wa huku hufundisha 1-10-1: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 za viungo kukutii, saa 1 kabla ya baridi kukupotezea fahamu. Kwa hiyo vaa suti ya mpira kama ya wazamiaji hata jua likiwaka, na usiende mbali na ukingo.

Upepo nao. Ziwa ni jembamba, lakini lina urefu wa zaidi ya kilomita 90 kutoka kaskazini hadi kusini. Upepo ukifuata mkondo huo, mawimbi hukua haraka. Mimi huingia majini alfajiri kutokea Rowan's Ravine, bustani ya jimbo iliyo ukingoni mwa ziwa, na kufika saa nne asubuhi nimeshatoka.

Utakachokiona hapo kinastahili usingizi uliokatishwa. Kuna vibisi wakubwa, weusi mgongoni, weupe kifuani, macho mekundu. Dume na jike hutazamana, wanatikisa vichwa, halafu ghafla wote wawili wanasimama wima na kukimbia juu ya maji bega kwa bega, shingo zimepinda, hadi wapige mbizi pamoja. Nimewaona mara nyingi na bado huacha kupiga kafi.

Ndiyo maana nakuomba sana: usiingie kwenye matete. Viota vyao huelea, vimeshikizwa kwenye mimea tu. Ukimfukuza mama, shakwe wanayafikia mayai. Ukiona ndege ameinua shingo na kuacha alilokuwa akifanya, umeshasogea mno; rudi nyuma taratibu. Afadhali ukae kimya mahali pamoja, kayaki ikielea. Mwari weupe watakupitia wenyewe, na madume na majike wakati huu wana kipembe juu ya mdomo, ambacho hudondoka wakishataga.

Hifadhi ya ndege iliyo mwisho wa kaskazini wa ziwa, ya tangu 1887 na kongwe kuliko zote Amerika Kaskazini, mimi huitazama nikiwa nchi kavu.

Darubini chukua ya 8x42, yaani inayokuza mara 8, lenzi ya mbele milimita 42. Inayokuza mara 10, picha hutikisika mno ukiwa majini. Itie kamba shingoni.