Jibu: Mtoto ametanguliza matako wiki ya 36, je, ni lazima upasuaji?
Si lazima, dada. Kwanza ulizia kumgeuza kwa mikono juu ya tumbo. Karibu nusu hugeuka. Akikataa kugeuka, utafiti wa mwaka 2000 katika nchi 26 ulikuta vifo au madhara makubwa kwa asilimia 1.6 ya watoto waliopangiwa upasuaji, na asilimia 5 waliopangiwa njia ya kawaida. Hata hivyo, kwa waliofuatiliwa hadi miaka 2, tofauti ya vifo na ukuaji wa ubongo haikuonekana. Hatari ni kichwa kutoka mwisho: kikikwama huku kamba ya kitovu imebanwa, mtoto hukosa oksijeni. Kwa hiyo muulize anayekuzalisha, tafadhali usione haya, ana uzoefu kiasi gani. Na chupa ya uzazi ikipasuka, wahi hospitali papo hapo. Kamba ya kitovu inaweza kumtangulia mtoto.