Maswali na majibu: uchovu wa mama lishe, samaki aliyelala na maombi yasiyojibiwa

Wiki hii maswali karibu yote yametoka hapa hapa Bagamoyo. Nimeanza na lile lililonigusa zaidi.

Tumsifu Yesu Kristo, mama. Mimi ni mama lishe karibu na stendi. Naamka saa kumi alfajiri kuwasha jiko, narudi nyumbani saa mbili usiku. Nikipiga magoti nasinzia. Mume wangu anasema nimepoa kiroho.

Milele amina, binti yangu. Hujapoa, umechoka, na hayo ni mambo mawili. Soma 1 Wafalme 19. Eliya, nabii mzima, alijilaza chini ya mretemu akaomba afe. Malaika alipokuja hakumhubiria wala hakumkaripia. Alimgusa tu, akamwambia, "Inuka, ule." Kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena, na malaika akamwacha alale. Wewe unayepika juu ya mkaa kila siku unaijua harufu ya andiko hilo kuliko mapadre wengi.

Kwa hiyo usiku, lala. Ukisinzia katikati ya Baba Yetu, Baba hajachukia. Mchana tafuta mahali ambapo mikono inajua kazi yake na kichwa kiko huru. Mimi wanangu watatu walipokuwa wadogo nilijifunza Zaburi ya 23 nikipepeta mchele, mstari mmoja kwa siku, siku nyingine nusu mstari kwa sababu mtoto amelia. Mpaka leo nikishika ungo inakuja yenyewe: Bwana ndiye mchungaji wangu. Wewe una ile nafasi baada ya kupalia wali, ukikaa kando na kusubiri ukauke. Hapo panatosha. Na mumeo mwambie kwa upole kwamba kama moyo wako unampa wasiwasi, siku mbili kwa wiki awashe yeye jiko.

Nanunua samaki mnadani pwani na kuwatembeza mitaani. Wakibaki nawaweka kwenye barafu, kesho nauza na kusema ni wa leo. Kila mtu anafanya hivyo. Je, ni dhambi kweli?

Ndiyo, kaka, ni uongo. "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana," inasema Mithali 11:1, na ulimi nao ni mizani. Yule mama anayefunua shavu la samaki changu akakuta wekundu umegeuka kahawia ameshakujua, hata kama amenyamaza na kulipa. Samaki aliyelala kwenye barafu safi si kitu kibaya, na wapo wanaomtaka wakamkaange kwa bei nafuu. Tenga beseni mbili, useme huyu wa leo, huyu wa jana, na bei zake hizi. Wiki ya kwanza itakuuma mfukoni, sikufichi. Baadaye watu watakuita wewe kwa jina na kuwaacha wengine wapite.

Kusoma Biblia kwenye simu ni sawa na kusoma kitabu?

Ni sawa. Ila zima data kwanza.

Kaka yangu aliuza shamba la minazi la marehemu baba bila kutuambia. Mchungaji anasema nisamehe. Nikisamehe ndiyo ninyamaze?

Hapana, dada. Msamaha na kunyamaza watu wanavichanganya mno, na wanaoumia kwa mchanganyo huo mara nyingi ni wanawake. Yesu huyo huyo aliyesema tusamehe saba mara sabini alisema pia, katika sura hiyo hiyo ya 18 ya Mathayo, kwamba ndugu akikukosa uende ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, nenda na mtu mmoja au wawili. Basi mwite kaka yako. Akikataa, waite wazee wa ukoo, kisha baraza la ardhi la kata. Kusamehe maana yake unakwenda huko bila kumtakia mabaya, hukanyagi kwa mganga, na watoto wake wakija kwako wanakula kama zamani.

Bwana Yesu asifiwe, mama. Nina stashahada, miaka miwili naombea kazi sipati. Naendesha bodaboda ya mtu. Mhubiri mmoja aliniambia sina imani, nipande mbegu. Nikampa hesabu ya wiki nzima ya tajiri mwenye pikipiki. Hakuna kilichobadilika, na sasa tajiri ananidai.

Amina, mwanangu. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu na hasira haijaisha. Simoni mchawi alipotaka kununua karama ya Mungu kwa fedha, Petro alimkatalia palepale. Iko Matendo ya Mitume sura ya 8. Mungu hauzi kazi. Na Paulo hakukosa imani alipoomba mara tatu mwiba umtoke. Haukutoka. Alijibiwa, "Neema yangu yakutosha."

Siku moja pita pale Misheni uutazame mnara wa kanisa la zamani. Februari 1874 mwili wa David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, uliwekwa hapo kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar. Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Watu wake, akina Chuma na Susi, walizika moyo wake kulekule, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu mpaka pwani hii. Hesabu miezi. Hakuna aliyewaahidi kwamba watafika, na njiani baadhi ya wenzao walikufa. Mimi huwafikiria waliobeba kuliko aliyebebwa, hasa asubuhi zile walizoamka mvua inanyesha, mzigo uko palepale na pwani haionekani.

Wewe uko kwenye asubuhi kama hizo. Omba leo, peleka barua ya kazi leo, washa pikipiki leo. Bodaboda ni kazi, usiseme huna. Na kabla jua halijazama nenda kwa tajiri wako, mweleze ukweli wote, mkubaliane umlipe kidogo kidogo. Ukitaka kulalamika mbele za Mungu, Zaburi ya 13 inakuruhusu: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?"

Mume wangu alifariki mwezi wa tatu. Nikiingia kanisani wimbo wa kwanza tu nalia, watu wanageuka. Nimeacha kwenda.

Pole sana, mdogo wangu. Yesu alijua atamfufua Lazaro baada ya muda mfupi, na bado pale kwa Mariamu alilia machozi. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, haina mstari wa furaha hata mmoja, na bado iko ndani ya Biblia. Basi hata usipokuwa na wimbo, nafasi unayo.

Njoo misa ya kwanza. Usiimbe, sisi tutaimba. Benchi la mwisho, upande wa mlango, nitaweka khanga yangu kukushikia nafasi; ukizidiwa tutatoka wote tukakae chini ya miembe mpaka utulie.