Siku tatu kwa mahekalu sita ya Murugan? Hapana mkuu

Umeuliza kama siku tatu zinatosha kuzunguka mahekalu yote sita makuu ya Murugan, mungu wa vita wa Wahindu, kule Tamil Nadu, kusini mwa India. Utayaona ukiwa ndani ya basi tu. Tiruttani iko kaskazini, upande wa Chennai, na Tiruchendur iko kusini kabisa, baharini. Hizo mbili peke yake ni safari ya usiku kucha.

Ningekuwa wewe, ningeweka kambi mji wa Madurai. Hekalu la Thiruparankundram liko hapo hapo pembeni, limechongwa ndani ya mwamba tangu karne ya 8, na Pazhamudircholai nayo si mbali. Siku ya pili Palani: kuna ngazi karibu 700 kupanda kilima, magoti yakigoma kuna kigari cha kuvutwa kwa kamba. Onja panchamirtham, ndizi zilizopondwa na sukari guru, asali, samli na iliki. Tamu ajabu! Ila kama si Mhindu, jua kwamba mwezi Januari 2024 Mahakama Kuu ya Madras iliamua mwisho wako ni kwenye mlingoti wa bendera wa hekalu.

Siku ya tatu iachie Tiruchendur. Ndipo wanaposema Murugan alimpasua pepo Surapadman kwa mkuki wake, nusu ikawa tausi ambaye Murugan humpanda, nusu jogoo wa bendera yake. Wanaume huvua shati kabla ya kuingia, usishangae. Mawili yaliyobaki, Swamimalai na Tiruttani, yaache kwa safari nyingine. Na kama hupendi msongamano, kwepa Thaipusam, sikukuu ya Murugan, Januari au Februari.