Usimuuzie Jirani Chuma: Biashara na Diplomasia katika Civilization VI

Wachezaji wengi wa Civilization VI, mchezo wa kompyuta wa zamu ambamo kila mchezaji huongoza taifa lake, uliotengenezwa na Firaxis na kutolewa mwaka 2016, huikumbuka diplomasia pale majeshi ya jirani yanapokwisha kujipanga mpakani. Nimeucheza kwa miaka kadhaa, hasa pamoja na nyongeza ya Gathering Storm ya mwaka 2019, na nimesadiki kwamba amani hutafutwa mapema, kwenye meza ya biashara.

Anza siku ile ile mnapokutana. Kupeleka ujumbe wa kidiplomasia kwa kiongozi mgeni hugharimu dhahabu 25, na akipelekewa katika zamu ya kwanza kwa kawaida huupokea, kwa kuwa bado hajapata sababu ya kukuchukia. Ukingoja zamu kumi, huenda ameshakasirishwa na mji uliojenga karibu naye, na ujumbe wako utarudishwa.

Kisha tazama bidhaa zako za anasa. Shamba moja la chai huwaongezea raha wakazi wa miji minne, lakini shamba la pili la chai hiyo hiyo haliongezi chochote, kwa hiyo hiyo ya ziada ni ya kuuzwa. Mimi huiweka mezani, humwuliza kiongozi atatoa nini, kisha hupandisha bei kidogo kidogo mpaka akatae, kwa sababu bei anayoitaja kwanza mara nyingi si ya mwisho. Kwa jirani nisiyemwamini hudai dhahabu yote papo hapo, kwani vita vikizuka mkataba hufutika na malipo ya kila zamu hukatika. Kwa rafiki aliyetangaza urafiki nami hukubali malipo ya kila zamu bila hofu, maana urafiki huo ukidumu hakuna anayeweza kumtangazia mwenzake vita.

Chuma na farasi ni habari nyingine kabisa. Katika mchezo mmoja nilikuwa na chuma kingi ghalani huku hazina ikiwa imekauka, nikamuuzia jirani wa mashariki chuma 40. Kikosi kimoja cha wapiga panga huhitaji chuma 20, na hesabu hiyo niliifanya baadaye, vikosi viwili vilipotokea msituni na kuuzingira mji wangu mdogo uliolindwa na wapiga manati tu. Mji ulitekwa. Tangu hapo chuma changu humuuzia aliye mbali, ng'ambo ya bahari ikiwezekana.

Misafara ya biashara nayo ina wakati wake. Mwanzoni naituma kati ya miji yangu yenyewe, kwa kuwa mji mchanga hupata chakula na nguvu ya uzalishaji, na barabara hujitengeneza msafara unapopita. Dhahabu ya miji ya kigeni huifuata baadaye, nikishajua nani ni rafiki, kwa sababu msafara uliomo njiani vita vinapoanza huporwa kwa urahisi.

Usisahau kusoma ajenda ya kila kiongozi, yaani mambo anayoyapenda na anayoyachukia. Mvemba a Nzinga wa Kongo, kwa mfano, hawezi kuanzisha dini yake mwenyewe, na humpenda anayemletea dini katika miji yake. Aliyeanzisha dini akamnyima humchukia. Wamisionari wachache waliotumwa kwake wamewahi kunipatia urafiki ambao zawadi za dhahabu zilishindwa kuununua.

Kuna kazi moja ndogo ambayo naiona ya lazima. Kwa mwendo wa kawaida wa mchezo, mikataba hii ya biashara hudumu zamu 30, na haijirudii yenyewe. Karibu na kibodi nina daftari: mkataba wa zamu ya 64 nauandikia 94, pamoja na jina la kiongozi na bidhaa, na ile ninayonunua naipigia mstari, kwa sababu viungo vya kununua vikikoma bila kutazamiwa, miji huanza kunung'unika zamu hiyo hiyo.